Kasuku na Kaseti

Septemba 1984, Rais Daniel arap Moi alirudi kutoka Addis Ababa na kutoa agizo ambalo wazazi wetu wanalikumbuka mpaka leo. Alitaka mawaziri, mawaziri wasaidizi na kila mtu serikalini waimbe kama kasuku. Waimbe wimbo wake yeye, na pale atakapoweka nukta, nao waweke nukta. Akaeleza kwamba enzi za Kenyatta hata yeye aliimba wimbo wa Kenyatta tu, bila kuwa na wake. Sasa zamu yake ilikuwa imefika.

Wengi huichukulia kauli hiyo kama mfano wa kusema tu, kijembe cha kutupia wanasiasa wanaojipendekeza. Mimi naichukulia kama ilivyo, kwa sababu utawala wa Nyayo uliimba kwelikweli. Redio ya taifa, Voice of Kenya, ilikuwa moja, na taarifa ya habari ilianza na Mtukufu Rais, awe amefungua daraja au ameenda kanisani. Katikati ya taarifa na taarifa kulikuwa na kwaya. Walimu walikuwa na kwaya, mashirika ya serikali yalikuwa na kwaya, na shule zilifanyishwa mazoezi wiki nzima kabla ya sikukuu, jua likiwachoma watoto kichwani. Thomas Wesonga alitunga "Tawala Kenya", na sijui Mkenya aliyesoma shule ya msingi miaka ile asiyeweza kuuimba mpaka mwisho. Mwaka 1988 kukaundwa Tume ya Kudumu ya Rais ya Muziki. Hebu fikiria: nchi haina dawa hospitalini, lakini muziki una tume ya rais.

Mama yangu alikuwa mmoja wa watoto hao wa kwaya. Hakuwahi kuwa mfuasi wa KANU, lakini akiosha vyombo utamsikia akivuma moja ya nyimbo zile. Nilipomuuliza kama aliamini maneno yake, alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama aliamini sare ya shule. "Tuliambiwa tuimbe, tukaimba. Na tulipewa maziwa."

Basi hilo ndilo swali langu. Kama serikali iliimba, na watu wakaimbishwa, wale wasiotaka kuimba walisikiliza nini?

Jibu halianzi na Moi. Machi 1975, Josiah Mwangi Kariuki, mbunge aliyewasumbua wakubwa kwa kusema wazi kwamba uhuru umewanufaisha wachache, alitoweka baada ya kuonekana katika hoteli ya Hilton, Nairobi. Mwili wake ulipatikana Ngong. Magazeti yalisitasita, wabunge wakazozana. Joseph Kamaru, mwanamuziki wa Murang'a mwenye duka la sahani za santuri pale mjini, akatoa wimbo kwa Kikuyu wa kumwomboleza JM na kuwalaani waliomuua. Kwa mtu wa kijijini asiyesoma ripoti ya kamati ya bunge, wimbo ule ndio uliokuwa ripoti yake.

Miaka miwili baadaye, Limuru, wafanyakazi na wakulima wa Kamirithu walijenga jukwaa lao la wazi na kuigiza "Ngaahika Ndeenda" ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Mchezo ulianza Oktoba 1977, na Novemba kibali kikaondolewa. Kabla mwaka haujaisha Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa kizuizini. Mwaka 1982 kikundi kikarudi na mchezo uliojaa nyimbo za jamii mbalimbali za Kenya, "Maitu Njugira", yaani "Mama, Niimbie". Wakafungiwa mlango wa ukumbi wa taifa. Machi mwaka huo huo, polisi wakaenda Kamirithu na kulibomoa jukwaa lenyewe. Walivunja mbao na mabati. Nyimbo, hata hivyo, watu walikuwa wameshazishika kichwani.

Halafu ikaja Agosti 1, 1982. Wanajeshi wa anga walijaribu kupindua serikali, na walichokimbilia mapema ni kituo cha redio. Mtangazaji Leonard Mambo Mbotela aliamshwa kwake na kulazimishwa kutangaza kwamba serikali imeanguka. Kufikia jioni serikali ilikuwa imesimama tena na mambo yakawa mabaya zaidi. Chuo kikuu kilifungwa, wanafunzi wakashtakiwa, na kutoka 1986 watu walioshukiwa kuwa Mwakenya walianza kuteremshwa vyumba vya chini vya Nyayo House, kule kwenye maji na giza. Sheria ya uchochezi ilimfanya mtu afungwe kwa karatasi tu iliyokutwa mfukoni. Katikati ya hofu hiyo, nani angethubutu kuimba?

Wengine waliimba kwa mafumbo. Daniel Owino Misiani, mfalme wa benga na Shirati Jazz yake, alizaliwa upande wa Tanzania, na nyimbo zake kwa Kijaluo zilijaa wanyama na visa vya Biblia. Ukimshika umwambie amemtukana rais, atakuuliza: nimemtaja wapi? Nimemtaja mnyama tu. Hata hivyo alikamatwa zaidi ya mara moja na kufukuzwa nchini, kwa maana serikali nayo ilielewa mafumbo. Huo ndio uchungu wa fumbo: yule anayelikataza lazima kwanza akiri kwamba amejitambua ndani yake.

Lakini fumbo peke yake halingetosha kama lisingekuwa na chombo cha kulibeba. Chombo hicho kilikuwa kaseti.

Wewe uliyezaliwa na simu mkononi, nivumilie kidogo. Sahani ya santuri ilihitaji kiwanda. Kiwanda kina mlango, na mlangoni unaweza kuweka polisi. Redio ilihitaji mnara, na mnara ulikuwa wa serikali. Kaseti ilihitaji tu redio-kaseti yenye milango miwili ya kanda. Hapa unaweka yenye wimbo, pale unaweka tupu, unabonyeza vifungo viwili na kuketi chini. Asubuhi ilikuwa moja. Jioni ziko kumi, na kila moja inaweza kuzaa nyingine. Haina jina la mtunzi wala la aliyeichapa. Wanamuziki walichukia biashara hii, na walikuwa na haki, maana ndiyo iliyowafilisi. Lakini njia ile ile iliyomwibia msanii jasho lake ndiyo iliyomzuia karao kujua pa kuanzia.

Na kaseti ilihitaji mahali pa kusikika. Hapo ndipo mathree zinaingia.

Matatu zilipata jina lake kutokana na nauli ya zamani, senti thelathini, na mwaka 1973 Kenyatta alizihalalisha kwa tamko. Kufikia miaka ya 80 zilikuwa ndizo zinazoendesha Nairobi, na waliozifanyia kazi walikuwa vijana: dereva, makanga, fundi wa spika, mchoraji. Hawakuajiriwa na serikali wala hawakuimba kwenye kwaya. Walivaa walivyotaka, wakasema Sheng ambayo mzee hawezi kuifuata, na wakapiga muziki mpaka vioo vinatetemeka. Wakubwa waliwaita wahuni. Mwaka 1988 serikali ilikivunja hata chama cha wenye matatu, kwa kuogopa watu wanaoweza kusimamisha mji kwa asubuhi moja.

Mwaka huo huo wa 1988 Kenya ilipiga kura ya mlolongo. Ulisimama nyuma ya picha ya mgombea wako, na chifu, jirani na mwajiri wako wote wanakuona. Kuna mahali mstari mfupi ulitangazwa kuwa ndio mrefu, na watu walioona kwa macho yao wakanyamaza. Nia ya mlolongo ilikuwa kila mtu ajue kwamba anatazamwa.

Sasa linganisha na matatu. Abiria 25 hawajuani. Yule wa dirishani anaweza kuwa Spesho. Dereva anaweka kanda. Wimbo unaanza, na baada ya mstari wa pili kila mtu ameshaelewa unamzungumzia nani. Hakuna anayesema kitu, lakini pia hakuna anayesema uzimwe. Huo ukimya wa watu 25 ulikuwa kura. Kila abiria alishuka akijua jambo ambalo hakulijua alipopanda: kwamba si yeye peke yake. Naamini udikteta hauogopi sana mtu anayejua ukweli. Anaweza kujua akiwa kitandani kwake na asimsumbue mtu. Unaogopa siku ambayo watu watajua kwamba wenzao nao wanajua.

Siku hiyo ilikaribia mwaka 1990. Februari, waziri Robert Ouko aliuawa. Mei 3, Kenneth Matiba na Charles Rubia walidai hadharani vyama vingi. Mei 25, matingatinga yaliingia Muoroto, mtaa wa mabanda karibu na stendi ya mabasi ya Machakos, na kubomoa nyumba za watu wakiwemo ndani. Wakazi na viongozi wa kanisa walisema watu wamekufa, serikali ikakana. Ndani ya wiki chache kanda zikawa mitaani: nyimbo kwa Kikuyu kuhusu Muoroto, kuhusu Matiba na masaibu yake, nyimbo zilizovaa nguo za maombi kwa ajili ya nchi. Polisi wakaanza kuwakamata wachuuzi wa kanda na kuzisaka ndani ya matatu.

Mjomba wangu alikuwa makanga wakati huo, kwenye njia ya Eastlands. Nilipomuuliza kuhusu kanda zile alicheka kwanza.

"Tulikuwa na mbili," aliniambia. "Moja ya askari, moja ya watu. Juu ya zote tumeandika nyimbo za kanisa. Ukiona kizuizi mbele, makanga anagonga bodi mara tatu, dereva anabadilisha. Karao anaingia anakuta Muungano wanaimba vizuri kabisa."

"Na abiria, Mjomba?"

"Abiria wanaangalia nje. Lakini tukishapita, kuna mama mmoja mzee alisema: haya, turudishie ile ingine."

Naipenda hadithi hiyo kwa sababu ya huyo mama. Hakuandamana na hakutia sahihi waraka wowote. Alichoomba ni kurudishiwa wimbo, na ombi hilo lilitosha kumpeleka mahakamani.

Julai 4 Matiba na Rubia walikamatwa. Julai 7, Saba Saba, watu walienda Kamukunji hata hivyo. Matatu zilipita zikipiga honi, vidole viwili vikatoka madirishani kujibu kidole kimoja cha KANU. Watu wasiopungua 20 waliuawa katika siku hizo na zaidi ya 1,000 wakakamatwa. Desemba 1991 kifungu cha 2A cha katiba, kilichoifanya Kenya kuwa nchi ya chama kimoja, kiliondolewa.

Ningekuwa naandika ngano ningeishia hapo. Lakini kuna mambo mawili yanayonikera katika historia hii, na sitaki kuyapita kimya.

La kwanza ni kwamba mashujaa wetu hawakuwa wa rangi moja. Kamaru huyo huyo wa JM alisafiri na Moi kwenda Japani mwaka 1980, akarudi na wimbo wa kusifu safari hiyo. Miaka kumi baadaye alikuwa upande wa vyama vingi na matatizo yakamfuata. Katika miaka ya 90 akageukia injili. Ukitafuta msanii ambaye hakuwahi hata siku moja kuimba wimbo wa mkubwa, utabaki na orodha fupi sana. Sioni sababu ya kuwahukumu kwa hilo. Walikuwa na watoto wa kusomesha. Lakini ni vizuri tujue kwamba kasuku na kaseti mara nyingi walikaa koo moja.

La pili ni lugha. Kanda za 1990 zilikuwa na nguvu kwa sababu zilisema na mtu kwa lugha ya mama yake. Lakini mtu wa Mombasa au Lodwar hakuelewa neno. Serikali ilijua hilo, ikasema: oneni, hizi ni nyimbo za kabila moja. Tangu mwishoni mwa 1991 mapigano ya kikabila yalizuka Bonde la Ufa, na maelfu ya watu wakafukuzwa mashambani kwao. Wimbo unaowaunganisha watu wa lugha moja unaweza pia kuwafungia wengine mlango.

Ndiyo maana kilichotokea Dandora ni kikubwa kuliko tunavyokipa heshima. Vijana wa miaka ya 90 walikua na Goldenberg, bei zilizopanda usiku mmoja, na karo za kuchangia. Hawakuwa na kumbukumbu ya uhuru wa kuililia. Kalamashaka, vijana watatu kutoka mtaa wenye jalala kubwa kuliko yote Nairobi, walichukua rap ambayo wengi walikuwa wakiighani kwa Kiingereza cha kuazima, wakaighani kwa Kiswahili na Sheng. "Tafsiri Hii" ilipotoka mwishoni mwa miaka ya 90, ghafla Mkikuyu, Mjaluo, Mluhya na Mkamba wa Eastlands walikuwa na malalamiko ya aina moja, kwa lugha ambayo haikuwa ya mama wa yeyote. Sheng haikuwa na kijiji cha kurudi. Ilikuwa ya mtaa.

Kundi lililowazunguka likakua na kujiita Ukoo Flani Mau Mau. Jina hilo lina uzito ambao leo hatuusikii. Marufuku ya wakoloni dhidi ya Mau Mau ilibaki katika sheria za Kenya huru, ya Kenyatta na ya Moi, mpaka 2003. Wale vijana wenye rasta na viatu vilivyochakaa walikuwa wamejipa jina ambalo kisheria bado lilikuwa haramu, karibu miaka 40 baada ya bendera kupandishwa.

Wakati huohuo milango mingine ilikuwa inafunguka. Capital FM ilikuja 1996, sheria ya uchochezi ikafutwa 1997, wanafunzi watatu wa Redykyulass wakaanza kumwigiza rais kwenye televisheni, na watu wakagundua kwamba unaweza kucheka na kesho yake ukaamka kwako. Mwaka 2001 Eric Wainaina akaimba "Nchi ya Kitu Kidogo", na hongo ikapata wimbo wake wa taifa. Mwaka 2002 Gidi Gidi Maji Maji wakachukua neno la Kijaluo, bwogo, kutishika, wakalivisha kichwa na mkia wa Kiingereza: "Unbwogable". Ulianza kama majigambo ya vijana wawili waliochoka kukatishwa tamaa. Wanasiasa wa NARC wakausikia wakaukimbilia. Desemba 30, 2002, pale Uhuru Park, umati ulichukua kiitikio cha kanisani, ukabadilisha maneno, na kumwimbia Moi kwamba bila yeye mambo yote yanawezekana. Moi alikaa jukwaani akasikia. Miaka 18 tangu awaombe waimbe kama kasuku, hatimaye nchi nzima ilimwimbia kwa sauti moja.

Februari 2004, serikali hiyo iliyoingia kwa kucheza "Unbwogable" ilileta kanuni za waziri John Michuki. Mikanda ya usalama na vidhibiti mwendo viliokoa maisha, sibishani na hilo. Lakini rangi zilifutwa, mstari wa manjano ukachorwa, na spika zikang'olewa. Mjomba anasema siku ile aliona ni kama kuingia kwenye gari la maiti. Mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008 zaidi ya watu 1,100 waliuawa baada ya uchaguzi, na tume iliyochunguza ilitaja redio za lugha za mama miongoni mwa waliochochea. Mwaka 2012 wanamuziki watatu wa Kikuyu walishtakiwa kwa nyimbo zilizodaiwa kueneza chuki. Zilikuwa na mafumbo na wanyama, kama zile za zamani. Chombo hakichagui kinachomiminwa ndani yake.

Kwa hiyo mtu akiniambia muziki ni silaha ya ukombozi, namuuliza: mikononi mwa nani, na unamwachia nani nje? Hilo ndilo ninalolipeleka kwenye Juni 2024. Vijana walipojaa barabarani kupinga mswada wa fedha, wimbo uliosikika kati ya mabomu ya machozi haukuwa wa siasa hata kidogo. "Anguka Nayo" ya Wadagliz ni wimbo wa kucheza. Hakuna waziri aliyetajwa, hakuna fumbo la fisi. Lakini uliimbwa na watu ambao hawakuulizana majina ya pili, na mwenye kuuelewa hakuhitaji tafsiri ya lugha ya yeyote. Juni 25 walifika hadi ndani ya Bunge, na wengine hawakurudi nyumbani. Miezi iliyofuata vijana walitekwa kwa sababu ya walichochapisha mtandaoni, na nikakumbuka wachuuzi wa 1990, waliokamatwa kwa kanda walizokuwa nazo mkononi.

Leo kila mmoja wetu ana matatu yake sikioni. Tunapanda tukiwa 33, kila mtu na wimbo wake, na kama kuna unaomhusu mkubwa, abiria mwenzako hajui kwamba unausikiliza. Labda ndiyo maana barabara za Juni zilitushtua hivyo: tulitoa vidude masikioni, tukasikia wenzetu wanaimba ule ule.

Kanda za Mjomba zipo bado, ndani ya kasha la biskuti, nyingine zimeliwa na ukungu. Juu ya moja kumeandikwa kwa biro: "Kwaya, upande A". Amenipa niitafutie mashine ya kuipigia. Kama nyumbani kwenu kuna redio-kaseti inayofanya kazi, na mzazi au shangazi anayejua kilicho upande B, muulize sasa, angali anakumbuka.